Namna ya Kuchagua Taa Zinazookoa Umeme kwa Gereji au Karakana ya Nyumbani

Mtu anapoamua kupunguza matumizi ya umeme katika gereji au karakana ya nyumbani, kwa kawaida huanza kwa kutafuta balbu yenye wati chache kuliko ile iliyopo. Uamuzi huo si mbaya, lakini unaweza kumwachia chumba chenye taa mpya, bili iliyopungua kidogo, na meza ya kazi ambayo bado ina kivuli pale hasa anapopitisha msumeno. Karakana haifanani na sebule. Hapa mtu anasoma alama za milimita kwenye rula, anatofautisha waya wa kahawia na waya mwekundu, na vidole vyake viko karibu na makali yanayozunguka. Kwa sababu hiyo, kipimo ninachokitetea katika mwongozo huu ni kimoja: ni mwanga kiasi gani unaofika juu ya kazi yenyewe kwa kila wati inayotumika. Anayeshika kipimo hicho ataona kwamba aina ya taa ni sehemu tu ya jibu, na kwamba mahali taa inapofungwa, rangi ya kuta na mpangilio wa swichi vina uzito mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani.

Tafuta lumeni kabla ya wati

Wati hueleza umeme unaoliwa na taa. Lumeni hueleza mwanga unaotoka. Kwa miaka mingi watu walizoea kuutaja mwanga kwa wati, kwa kuwa balbu za uzi zilikaribiana kwa ufanisi na kila mtu alijua balbu ya wati 60 inaangaza kiasi gani. Balbu hiyo hutoa takriban lumeni 800, na karibu asilimia 90 au zaidi ya umeme wake hugeuka kuwa joto. Balbu ya LED hutoa lumeni hizo hizo kwa wati 8 hadi 10, na balbu ndogo ya floresenti iliyojikunja huzitoa kwa wati 13 hadi 15.

Unaposimama mbele ya rafu ya dukani, usiongozwe na maneno ya boksi yanayosema kwamba taa fulani ni sawa na wati 100. Chukua idadi ya lumeni, igawanye kwa idadi ya wati, na utapata ufanisi wa taa hiyo. Taa nzuri za LED za kufunga darini hufikia lumeni 100 hadi 130 kwa kila wati, na zipo zinazozidi hapo. Taa ya LED inayotoa chini ya lumeni 80 kwa wati haina sababu ya kununuliwa leo kwa ajili ya karakana, isipokuwa iwe na sifa nyingine unayoihitaji sana, kama vile kuonyesha rangi kwa usahihi wa hali ya juu. Ikiwa boksi halitaji lumeni kabisa, irudishe rafuni.

Fikiria pia saa ambazo kila taa huwaka. Balbu ya wati 100 inayowaka saa 2 kila siku hutumia kilowati-saa 73 kwa mwaka, ilhali balbu kama hiyo iliyomo katika stoo ndogo na kuwashwa dakika 5 kwa siku hutumia takriban kilowati-saa 3 tu. Fedha na juhudi zielekezwe kwanza kwenye taa ya meza ya kazi na zile za darini zinazowaka muda wote wa kazi. Balbu ya stoo inaweza kusubiri mpaka iungue yenyewe.

Kadiria mwanga kwa kazi, si kwa chumba kizima

Hapa ndipo akiba kubwa inapopatikana, na ndipo watu wengi wanapopita haraka. Mwanga unaoangukia sehemu fulani hupimwa kwa luksi, na luksi moja ni lumeni moja iliyosambaa juu ya mita moja ya mraba. Kwa kuegesha gari, kupita na kutafuta vitu kwenye rafu, luksi 100 hadi 150 zinatosha. Kazi za kawaida za useremala au za kufungua injini zinahitaji luksi 300 hadi 500 mezani. Kazi ndogondogo, kama kuunganisha vipande vya elektroniki, kunoa patasi au kukagua rangi iliyopakwa, huhitaji luksi 750 hadi 1,000. Umri nao una nafasi yake katika hesabu hii: jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha mwanga pungufu sana kuliko jicho la kijana wa miaka 20, kwa hiyo mzee anayetumia karakana achukue kiwango cha juu katika kila kundi bila kuona kwamba anafuja umeme.

Tuchukue karakana yenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 5, yaani mita za mraba 30. Si lumeni zote zinazotoka kwenye taa zinazofika mezani. Nyingine humezwa na kuta, dari, rafu na vumbi. Kwa makadirio ya nyumbani ni salama kuhesabu kwamba nusu tu itafika. Ukitaka chumba kizima kiwe na luksi 650 ili popote utakapoweka kazi uone vizuri, utahitaji 30 mara 650, kisha mara 2, yaani lumeni 39,000. Kwa taa zenye ufanisi wa lumeni 120 kwa wati, hizo ni wati 325. Sasa fikiria mpango mwingine: chumba kizima kipewe luksi 150 tu, ambazo kwa hesabu ile ile ni lumeni 9,000 au wati 75, na juu ya meza ya kazi ishushwe taa ya pekee ya lumeni 1,500, yenye wati 12 au 13, ikae kiasi cha sentimita 80 juu ya kazi. Chini ya taa hiyo utapata zaidi ya luksi 500 zake yenyewe, ukijumlisha na zile za darini unafikia kiwango kile kile cha 650 pale unapokitaka, na jumla ya umeme haifiki wati 90. Balbu ni za aina moja katika mipango yote miwili. Kilichobadilika ni mahali zilipowekwa.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Mwanga wa taa ndogo hupungua kwa mraba wa umbali: taa iliyo mita 2.4 juu ya meza, ikishushwa hadi sentimita 80, huangaza sehemu iliyo chini yake moja kwa moja mara 9 zaidi bila kuongezewa hata wati moja. Ndiyo maana taa yenye mkono unaokunjika, iliyobanwa ukingoni mwa benchi, ni kifaa cha kuokoa umeme kuliko inavyoonekana. Kwa anayetengeneza gari, taa ya kubeba mkononi inayochajiwa, yenye sumaku au ndoano ya kuning'inia chini ya boneti, hufanya kazi ambayo taa yoyote ya darini haiwezi kuifanya, kwa kuwa boneti lenyewe huizuia.

Kuhusu vivuli, taa nyingi za wastani ni bora kuliko taa moja yenye nguvu. Ukiwa na taa moja katikati ya dari na benchi likiwa ukutani, utafanya kazi ukiwa umeupa mwanga mgongo, na kivuli cha kichwa chako kitaangukia jiliwa siku zote. Funga safu ya taa juu ya ukingo wa mbele wa benchi au mbele yake kidogo, ili mwanga ushuke kati ya uso wako na kazi. Katika gereji, safu mbili zinazopita kushoto na kulia kwa gari ni bora kuliko safu moja inayopita juu ya paa lake. Na kabla hujatoboa dari, fungua mlango wa gereji ikiwa ni wa aina inayopanda na kulala chini ya dari. Ukifunguka, unaweza kuzifunika nusu ya taa ulizokusudia kuzifunga.

Usisahau kuta. Dari na kuta zilizopakwa rangi nyeupe isiyong'aa hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaozipiga, ilhali saruji tupu au mbao zilizoiva rangi huumeza ulio mwingi. Ndoo ya rangi nyeupe haitumii umeme, na ningeinunua kabla ya taa ya ziada. Kama paa linaruhusu, bati moja au mawili yanayopenyeza mwanga hupunguza saa za kuwasha taa mchana, ingawa yasiwekwe juu ya mashine mahali ambapo jua kali litampiga mtumiaji machoni.

Mwanga unaopepesa na mashine zinazozunguka

Jambo hili linahusu usalama, nami nalisisitiza kwa wote wenye msumeno wa duara, mashine ya kukereza au keekee ya kusimama. Umeme wa nyumbani hukamilisha mzunguko wa kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde katika nchi nyingi, na mara 60 katika nyingine. Taa ambayo kifaa chake cha ndani cha kugeuza umeme, ambacho mafundi hukiita draiva, ni cha hali ya chini, hupanda na kushuka mwanga mara 100 au 120 kwa sekunde. Jicho halioni kupepesa huko waziwazi, lakini kitu kinachozunguka hukionyesha. Fikiria kishikio cha mashine ya kukereza chenye taya tatu, kinachozunguka mara 2,000 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 33 na theluthi kwa sekunde, na kwa kuwa kina taya tatu, kila mahali hupitiwa na taya mara 100 kwa sekunde. Chini ya taa inayopepesa mara 100, kishikio hicho kinaweza kuonekana kana kwamba kimesimama. Mtu aliyechoka anaweza kunyoosha mkono.

Taa za zamani za tyubu zenye choki ya sumaku, yaani kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye tyubu, zilikuwa na tatizo hili hili, kwa hiyo lisichukuliwe kuwa ni ubaya wa LED peke yake. Dawa ni kununua taa ambayo boksi lake linaeleza kwamba haipepesi, kisha kuijaribu. Washa taa, shika kalamu, uitikise haraka mbele yako huku nyuma yake pakiwa na giza: ukiona ukungu laini, taa ni nzuri, ukiona kalamu nyingi zilizotengana kama mbavu za feni, inapepesa. Kamera ya simu ikisogezwa karibu na taa huonyesha mistari myeusi inayotembea. Vifaa hivi vya kujaribia kila mtu anavyo, na jaribio lifanyike dukani ikiwezekana. Taa inayopepesa usiifunge juu ya mashine hata kama ndiyo yenye wati chache kuliko zote.

Rangi ya mwanga na rangi za vitu

Kuna mambo mawili tofauti ambayo huchanganywa. La kwanza ni rangi ya mwanga wenyewe, inayopimwa kwa kelvini. Kiwango cha 2,700 ni mwanga wa manjano uliozoeleka vyumbani, 4,000 ni mweupe wa wastani, na 6,500 ni mweupe unaoelekea ubuluu. Kwa karakana napendekeza 4,000 hadi 5,000: ni mwanga unaoweka macho katika hali ya kazi bila ukali wa ule wa 6,500. Jambo muhimu zaidi ni kutochanganya; taa za darini na ya benchi zikiwa na kelvini tofauti sana, kipande kimoja cha mbao kitaonekana kuwa na rangi mbili.

La pili ni uwezo wa mwanga kuonyesha rangi za vitu jinsi zilivyo. Kwenye boksi kipimo hiki huandikwa kwa herufi CRI au Ra, na kikomo chake ni 100. Ili kuelewa kwa nini taa mbili nyeupe zinaweza kutofautiana, inafaa kujua jinsi LED nyeupe inavyofanya kazi. LED nyekundu ilionyeshwa tangu 1962, lakini ya buluu yenye nguvu ilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi iliyowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Taa nyingi nyeupe za leo zina chembe ya buluu ndani, iliyofunikwa kwa unga maalumu unaogeuza sehemu ya mwanga huo kuwa wa manjano na rangi nyingine. Unga wa bei nafuu hutoa wekundu kidogo, na chini yake waya mwekundu na wa kahawia hukaribiana kufanana.

Kwa useremala wa kawaida, CRI ya 80 inatosha. Anayepaka rangi, anayelinganisha rangi ya gari au anayesoma mistari ya rangi kwenye vipande vya elektroniki, atafute 90 au zaidi kwa taa ya benchi. Taa za namna hiyo hutoa lumeni pungufu kidogo kwa kila wati, kwa hiyo hakuna haja ya kuzijaza dari nzima.

Joto, vumbi na unyevu

Boksi likisema taa itadumu saa 25,000, kwa matumizi ya saa 3 kila siku hiyo ni zaidi ya miaka 22. Mara nyingi ahadi hiyo huvunjwa na joto. LED haitoi joto kali mbele yake kama balbu ya uzi, lakini joto inalolizalisha nyuma lazima litoke, na sehemu inayokufa mapema kwa kawaida si chembe ya mwanga bali ni draiva. Katika chumba kilichoezekwa bati bila dari, hewa ya juu huwa moto sana mchana. Ning'iniza taa chini kidogo ya kenchi badala ya kuibana kwenye bati, chagua yenye mgongo wa alumini, na usiingize balbu ya LED ndani ya kifuniko cha kioo kilichozibwa isipokuwa imeandikwa kwamba inaruhusiwa. Mahali ambapo umeme hupanda na kushuka, tafuta taa ambayo draiva yake inakubali volti nyingi, kama vile kuanzia 100 hadi 240.

Kinga dhidi ya vumbi na maji huandikwa kwa herufi IP na tarakimu mbili, ya kwanza ikihusu vumbi na ya pili maji. IP20 inafaa chumba kikavu na safi. Penye vumbi la mbao, chagua IP54 au IP65. Taa za halojeni zisiwekwe kabisa penye maranda na vumbi, kwa kuwa zinakula umeme mwingi na joto lake linaweza kuwasha moto.

Ikiwa tayari una taa za tyubu

Karakana nyingi zina taa ndefu za floresenti, na mwenye nazo huuliza kama abadilishe tyubu tu au taa nzima. Zipo tyubu za LED zinazoingia mahali pa zile za zamani huku choki ikibaki. Huwa zinakuja na kipande cha kuweka mahali pa stata, kile kifaa kidogo cha kuwashia tyubu. Ni rahisi kufunga, lakini choki inaendelea kula umeme wake na siku ikifa, taa inazimika. Zipo nyingine zinazohitaji choki iondolewe na umeme uletwe moja kwa moja kwenye tyubu. Hizo zina ufanisi bora, ila kazi hiyo ni ya fundi umeme, swichi kuu ikiwa imezimwa, na kibandiko kiachwe kwenye taa ili mtu mwingine asije akarudisha tyubu ya zamani humo. Kama mwili wa taa umeshika kutu au soketi zake zimelegea, ningebadilisha taa nzima.

Tyubu za floresenti zina zebaki kidogo ndani. Ikivunjika moja, fungua milango, toka chumbani kwa dakika 10 hadi 15, kisha kusanya vipande kwa kadibodi na kitambaa chenye maji, bila kutumia mashine ya kufyonza vumbi. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa 2013, ndio unaozisukuma nje ya soko: mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kukomesha utengenezaji na uuzaji wa tyubu hizo kati ya nchi na nchi ifikapo mwisho wa 2027. Anayepanga karakana mpya asianze nazo.

Swichi na sensa

Gawanya taa katika angalau mafungu mawili, moja la kupita na kuegesha, jingine la benchi na mashine, kila fungu na swichi yake. Sensa ya mwendo inafaa sana mlangoni na kwenye stoo, ambako mtu huingia na mikono iliyojaa na kusahau kuzima. Lakini sensa za kawaida hutambua joto la mwili linalosogea, na mtu aliyesimama kimya akisukuma ubao kwenye msumeno anaweza kuhesabiwa kuwa hayupo. Kuzimikiwa na taa wakati msumeno unazunguka ni hatari isiyolingana na akiba yoyote, kwa hiyo fungu la mashine liwe na swichi ya mkono peke yake.

Kabla ya kukaza skrubu za mwisho, ngoja usiku uingie, zishikize taa kwa kamba mahali ulipopanga, wekea benchi kazi halisi, na usimame kama unavyosimama siku zote. Sogeza kila taa mpaka kivuli cha mkono wako kiondoke kwenye mstari wa kukatia, ndipo uifunge moja kwa moja. Baada ya hapo panga kuzifuta taa kila baada ya miezi michache, zikiwa zimezimwa na kupoa, kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo. Katika karakana ya mbao, vumbi linalotuama juu ya kifuniko hupunguza mwanga polepole kiasi kwamba mtu huzoea, kisha akadhani taa zimechakaa.